Nyenje na Konokono

Sijui kucheza kriketi. Sijawahi kushika kile kigongo chake, na hapa mjini Wote watu ninaowajua wanaoweza kunieleza sheria zake wanatosha kwenye boda moja. Lakini rekodi yangu ni mikimbio 187. Niliipata kwenye kompyuta namba nne ya saiba ninapofanya kazi, hakuna mteja, nje jua linachoma mabati.

Mchezo wenyewe ni wa Google. Waliuweka kwenye ukurasa wao wa mbele tarehe 1 Juni 2017, siku Kombe la Mabingwa la kriketi lilipoanza kule Uingereza, na ukiutafuta bado upo. Wapigaji ni nyenje, kwa sababu kwa Kiingereza yule mdudu na huu mchezo wana jina moja. Wapinzani ni konokono. Konokono anatupa mpira, wewe unabonyeza mara moja, nyenje anapiga. Ukipiga vizuri unapata sita. Ukipiga ovyo unapata moja, huku konokono wakijikokota kuufuata mpira kama karani saa saba kasorobo. Ukikosa na mpira ukagonga vijiti, umetoka. Unabonyeza tena, unaanza sufuri. Ni hayo tu. Waliuunda ukiwa mwepesi kuliko michezo yao mingine ya aina hiyo, ili hata mwenye mtandao wa kujivuta asiachwe nje. Huku kwetu mtandao wa kujivuta tunaujua.

Nilionyeshwa na mtoto. Ilikuwa Juni 30, siku ya mwisho ya kujaza zile taarifa za KRA, foleni imefika mpaka kwa muuza maembe, na mama yake alikuwa amesahau neno la siri kama kila mtu anavyosahau. Kijana akaomba kukaa namba nne. Niligeuka nikakuta ameshafika mikimbio sitini.

"Unalipia wapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. "Anko, ni game tu."

Hilo swali langu lina historia yake.

Mwaka 2022 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mvua zilikuwa zimekosa misimu minne mfululizo, na Ukambani ng'ombe walikuwa wanauzwa bei ya kutupwa. Mwaitu, yaani mama, akauza fahali wetu wa kulimia, akanitumia 23,000 ya karo. Shilingi 8,000 zilimezwa na kale kamchezo ka ndege kwa usiku mbili, mimi chini ya blanketi. Kandege kanapaa, namba inapanda nako, na kazi yako ni kushuka kabla hakajapotea. Mimi kushuka sikujua. Zikabaki 15,000, na Kombe la Dunia lilikuwa limeanza Qatar.

Novemba 22, Argentina na Saudi Arabia. Argentina walikuwa wamecheza mechi 36 bila kufungwa. Hata nyanya yako angeweka. Nikaweka zote, nirudishe za kandege na nibaki na kitu kidogo. Messi akafunga penalti dakika ya 10, nami nikaagiza chapati na soda. Dakika ya 48, moja moja. Dakika ya 53, Saudi Arabia wakapata la pili. Mkeka ukachanika mchana kweupe, soda haijaisha. Baadaye Argentina hao hao walichukua kombe. Ile fainali sijawahi kuitazama mpaka leo.

Bila karo hukai mtihani. Krismasi nilifika nyumbani Ikutha nikamkuta Mwaitu anachambua mahindi ya msaada, nikamwambia nikiwa bado nimesimama, begi mgongoni.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Akaendelea kuchambua. Nilingoja matusi, hayakuja, na ningeyapokea kwa furaha. Chuoni sikurudi. Siku hizi nachapia watu barua hapa Wote, na usiku naandikia tovuti za mbali makala za kusifu magodoro ambayo sijawahi kuyalalia.

Watu hudhani aliyeacha kubeti analilia pesa. Pesa nililia, sitadanganya. Lakini kitu kingine kilichonitoka ni mpira wenyewe. Nilikuwa nimefika mahali siangalii mechi, nahesabu kona. Timu nisizoijua hata nchi yake zinacheza saa tisa usiku, na mimi niko macho naomba mtu apewe kadi ya njano. Bao zuri likifungwa, kama halikuwa kwenye mkeka, sikuliona. Nilipoacha sikupata tena ile furaha ya utotoni ya kutazama tu mpira unavyokwenda. Kila uwanja ulikuwa na bei.

Kwa hiyo konokono wale walinikuta pabaya. Hakuna akaunti, hakuna namba ya simu, hakuna kijimeseji cha saa nne asubuhi kukukumbusha kwamba wamekumiss. Mipira ya kwanza inakuja taratibu, halafu kuna ule unaojikunja dakika ya mwisho, na ukiukamata sawasawa unasikia kitu kifuani, kile kile cha zamani. Hapo ndipo nashtuka kidogo, kwa maana kidole ni kilekile. Kinabonyeza vilevile, na baada ya kutoka kinataka tena vilevile. Kuna makala ya godoro iliyochelewa siku nzima kwa ajili ya nyenje. Kwa hivyo sisemi nimepona. Nasema tu kwamba nikitolewa kwa sufuri, kesho yake asubuhi kodi ya nyumba bado iko chini ya kikombe.

(Na tusisahau kwamba hii nchi ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, Tikolo akiwa nahodha. Mimi nilikuwa bado natembea bila suruali. Labda nacheza kwa uzalendo.)

Oktoba iliyopita nilienda nyumbani tulime kabla ya mvua. Wote hadi Emali, Emali hadi Kibwezi, kisha ile lami inayovuka mto Athi kuingia Kitui. Usiku nilikaa nje kwenye kigoda, nabonyeza. Sikumsikia Mwaitu akija nyuma yangu.

"Umerudia?"

"Hapana, Mwaitu. Huu ni mchezo tu."

"Hata ule mwingine uliniambia ni mchezo."

Sikuwa na jibu, nikampa simu. Nikamwambia konokono akitupa, abonyeze. Alibonyeza mpira ukiwa ushapita. Vijiti chini.

"Imeenda yote?"

"Hakuna kilichoenda." Ya bando sikutaja.

"Nionyeshe."

Nikafungua M-Pesa. Salio, shilingi 640. Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma namba moja moja. Akacheza tena, akapata tatu, akatolewa. "Nionyeshe tena." 640. Mara ya tatu hakuuliza. Aliketi kwenye jiwe, akapandisha leso mabegani, na konokono alipotupa, nyenje wake akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja kabisa.

"Hawa hawana haraka," akasema. "Hawa ukiwapa shamba mvua itawakuta mtaro wa kwanza."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Nenda ulale. Saa kumi na moja tuko shambani."

Tangu fahali auzwe tunalima kwa jembe. Yangu alikuwa ameshainoa, ameiegemeza mlangoni. Nikainuka kwenda kulala. Simu akabaki nayo.