Mlima Uliogeuka

Mwaka 1984 nilichonga kibao changu cha kwanza cha Mlima Kilimanjaro. Nilikuwa kijana wa karakana mjini Moshi, nimeshafundishwa kukata lino, kibao laini cha kuchapia, kwa patasi, kupaka wino kwa rola na kubandua karatasi polepole isichanike. Mlima niliuona kila asubuhi kutoka kihambani, shamba la migomba la baba, nikadhani naujua. Nikauchora moja kwa moja juu ya lino, nikachonga wiki nzima, nikachapa nakala 20.

Mwalimu wangu alishika moja, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, umewahi kuishi Kenya?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa Mawenzi imefuata nini kushoto?"

Chapa hugeuza, kilicho kulia kwenye kibao hutokea kushoto kwenye karatasi. Kwetu Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Nilikuwa nimechapa mlima wa Amboseli, upande wa Kenya, ule wa picha za watalii, tembo wakipita mbele yake. Nilitaka kuzichana nakala zote. Mzee alinikataza. Alisema kule nako wako watu wanaoamka wakiuona hivyo.

Maneno yale yalinikaa. Shuleni tuliimbishwa kwamba mlima ni wetu: Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni, na katika Nembo ya Taifa mwanamume na mwanamke wamesimama juu yake. Yote ni kweli, nami najivunia. Lakini msanii anayechapa mlima wa nembo bila kujua amesimama wapi anachapa nembo tu. Msanii Hokusai wa Japani aliuzungukia Mlima Fuji katika picha 46, akiuchungulia kupitia pipa la fundi na chini ya wimbi. Wajapani wanaujua mlima wao kwa pande zake nyingi. Nami tangu hapo naweka mgomba, mfereji au paa la bati mbele, Mtanzania ajue anatazama kutoka kwa nani.

Kwenye chapa ya lino, cheupe ni pale patasi ilipopita. Theluji ya Kibo ni karatasi tupu. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Nimeuchonga mlima huo mara saba. Kibao cha kwanza, theluji peke yake ilinichukua siku mbili. Cha mwisho, niliimaliza kabla ya chai ya saa nne.