Uso Mpya, Mashine Ileile

Ufundi saa nilifundishwa na mjomba wangu Kariakoo, enzi ambazo kutwa nzima tulibadilisha betri na kutoboa mikanda ya ngozi. Simu za mkononi zilipoenea, wengi waliovaa saa ili wajue wakati waliziacha nyumbani, na mafundi kadhaa wakahamia kwenye simu. Mimi nilibaki na saa, na walioendelea kunijia walitaka kitu kingine: saa ambayo hakuna mwingine mtaani anayo.

Iliyonifungulia njia ni Seiko, hasa SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyotoka mwaka 1996. Ndani yake mna mashine ya 7S26, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Mashine hiyo iliwekwa pia kwenye Seiko 5 nyingi, ndiyo maana vipuri vyake vimejaa sokoni hadi leo, ingawa SKX yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2019.

Wateja hudhani kazi ya cheni ya saa ni kupunguza vipande tu. Kwanza napima nafasi ya mkanda. Ya SKX ni milimita 22, na cheni ya 20 itachezacheza humo hata uifungeje. Vipande navitoa pande zote mbili, ili kifungio kikae katikati chini ya mkono. Pini naisukuma kufuata mishale iliyochorwa kwa ndani, kwani ukienda kinyume utaiharibu.

Kubadilisha uso ndiyo kazi ninayoipenda. Uso una vijiguu viwili nyuma vinavyoingia kwenye mashine. Kifundo cha SKX, kile cha kuzungushia mishale, kiko karibu na alama ya nne, kwa hiyo uso uliotengenezewa saa yenye kifundo kwenye tatu utaingia, ila kumi na mbili itakaa kombo. Ukishakaa sawasawa, nazungusha kifundo polepole mpaka tarehe iruke, nasimama hapo hapo, kisha naweka mshale wa saa, wa dakika na wa sekunde, yote ikitazama kumi na mbili. Nikikosea hapo, tarehe itabadilika mchana mwenye saa akiwa anakula. Tundu la mshale wa sekunde lina upana wa milimita 0.2, kwa hiyo wakati wa kuubonyeza hakuna anayenisemesha dukani, na wenzangu wanalijua hilo.

Wapo wanaosema saa ikibadilishwa uso imekufa. Sikubaliani nao. Saa inayovaliwa kila siku ina heri kuliko iliyofungiwa sandukuni kwa sababu uso umeliwa na chumvi. Sharti langu ni uso wa zamani urudi kwa mwenyewe, ndani ya bahasha, na mishale yake. Kijana mmoja aliyeleta saa ya marehemu baba yake alitaka nitupe ule wa zamani. Nilikataa katakata. “Chukua, baba,” nilimwambia, “mwanao huenda akautaka.”

Kuna kazi nyingine huwa naikataa: kubandika uso wenye jina la kampuni ambayo haikuitengeneza saa hiyo. Anayekuja na ombi hilo namwonyesha nyuso zisizo na jina, nyeusi, buluu, na kijani inayopendwa sana siku hizi. Wengi huchagua kijani.