Hakuna Matata, Nta Kibazo

Tulipofiwa na dada yetu, mwanafunzi wetu mmoja alikuja matangani hapa Kigali. Tulimtaka radhi kwa kuahirisha masomo, naye akajibu kwa upole: "Hakuna matata, Mwalimu." Tulichomwa moyo.

Kijana hakukosa adabu. Alikuwa ametafsiri usemi wa Kinyarwanda, "nta kibazo", ulio jibu la kistaarabu. Ikibazo hutokana na kubaza, yaani kuuliza. Asemaye hivyo asema hakuna swali.

Matata yana asili nyingine. Kutata ni kufungamana, kama nyuzi zilizosokoteka. Humo mna utata na tatizo, na kwa kiambishi cha kutendua, mna kutatua. Asemaye "hakuna matata" ashuhudia kwamba nyuzi zimenyooka. Zetu siku ile zilikuwa zimetatana.

Wimbo "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Kenya, wa 1982, na filamu *The Lion King* ya 1994, viliutembeza usemi huu duniani kama kauli ya raha mustarehe. Rwanda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Wanafunzi wetu basi wahitaji zaidi ya kauli ya wimbo.

Tuliporejea darasani tulimpa kijana uzi uliotatana. Akautatua kwa subira, nasi tukimweleza neno. Alipomaliza aliinamisha kichwa, akasema: "Pole sana, Mwalimu."

Ndilo neno tulilokuwa tukilingoja.