Mkuyuni: Sikio Moja la Muziki, Moja la Mwenzio

Umewahi kutikisa kichwa kwa raha ya muziki, kumbe pembeni mwenzio kakuuliza swali na kaona umekubali? Yalinikuta Mkuyuni, jijini Mwanza. Na swali lenyewe halikuwa la chai au soda.

Mke wangu alikuwa ameitiwa kazi Mwanza. Sisi ni watu wa Dar, na kazi yangu iko huko. Tukasema twende siku tatu tukalionje jiji kabla hajatoa jibu. Asubuhi ya pili tukapanda daladala ya Nyegezi, tukashuka Mkuyuni, tukapata jiwe la kukalia, Ziwa Victoria likiwa mbele yetu. Si bure Mwanza inaitwa Jiji la Miamba: mawe makubwa kama nyumba yamepandana, na nyumba zenyewe zimejibana katikati yake hadi juu mlimani.

Nikavaa hedifoni.

Ziwa moja, nyimbo mbili

Nilianza na Saida Karoli, albamu yake ya Maria Salome ya mwaka 2001. Kihaya sikijui, lakini ngoma zake zilipunguza mwendo wa kila kitu. Mitumbwi ikawa inateleza taratibu, kama vile inaelekea kwao Bukoba, ng'ambo ya maji. Nikabadilisha, nikaweka Fid Q, mtoto wa Mwanza mwenyewe. Ghafla kila mtu akawa na haraka: konda kaning'inia mlangoni, akina mama na mabeseni ya samaki kichwani, wote kama wanafuata mdundo. Hata yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi walimpa jina la mji huu, Agama mwanzae, alikuwa juu ya jiwe akiinua na kushusha kichwa kama yuko disko. Nami nikatikisa changu.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa anatabasamu, simu mkononi.

"Unampigia nani?"

"Bosi mpya. Si umekubali?"

Nikavua hedifoni. "Nimekubali nini?"

Tabasamu likazimika. "Nafuu ungekataa," akasema. "Ningejua umenisikia."

Malalamiko ya siku nyingi

Muziki unapamba mandhari, hilo halina ubishi. Lakini ukiwa masikioni mwako peke yako, mandhari yanakuwa sinema yako peke yako, na aliye pembeni anabaki nje ya ukumbi. Jambo hili si jipya. Sony walipotoa Walkman ya kwanza Julai 1979, iliwekwa matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha kupunguza muziki ili watu waweze kuongea. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alisimulia kwamba alipokuwa akiijaribu nyumbani, mkewe alilalamika kuwa anatengwa.

Pale kwenye jiwe, bila muziki, nikasikia nilivyokuwa nimevifunika: mtu anapasua kokoto mlimani, maji yanapiga mawe, watoto wanaitana kwa Kisukuma. Na mke wangu, akieleza kwa nini kazi ile anaitaka. Nikamwambia ukweli: naogopa kukaa mbali naye. Tukabishana, tukanyamaza, tukacheka kidogo. Simu aliipiga mchana, tukiwa tumeelewana: atangulie yeye, mimi nijipe mwaka mmoja wa kutafuta kazi huku.

Kabla ya kuondoka tukasikiliza wimbo mmoja pamoja, sikio lake moja, langu moja. Masikio mawili yaliyobaki tukaliachia ziwa.

Ukienda na mwenzio

Nenda asubuhi, kabla mawe hayajashika moto, na uvae viatu visivyoteleza. Kumbuka pale kwenye mawe ni makazi ya watu: salimia, omba njia. Beba muziki, lakini sauti iwe ndogo. Na ukiona mwenzio anakutazama kwa muda mrefu, vua hedifoni kwanza. Ndipo utikise kichwa.