Hesabu ya Mwaka Mmoja Kapsokwony

Katika Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yuko mkulima mmoja aliyekuwa karani kwa miaka 26 kabla ya kurudi shambani. Tabia ya ukarani haikumtoka. Kila kitu akinunuacho au akiuzacho hukiandika katika daftari, hata sanduku la kiberiti, na kila ifikapo Desemba 31 hukaa mezani usiku, huwasha taa, akajumlisha. Majirani humcheka kwa ajili hiyo, lakini wakiwa na shauri la karo au la mkopo humwendea yeye.

Usiku wa mwisho wa mwaka 2024 alikaa hivyo hivyo. Kurasa za mwanzo hazikumpa taabu. Mnamo Machi alinunua mbolea ya ruzuku, mifuko 6 kwa shilingi 2,500 kila mmoja, akalipa wapandaji, mbegu ikaingia ardhini kabla mwezi haujaisha. Kisha ikaja mvua ya Aprili na Mei, ile iliyoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule hata Mei 13. Kapsokwony ni mahali pa mteremko, maji hayatuami. Huteremka na kuchukua yanayoyakuta. Safari hii yalichukua sehemu ya ua wa mpaka kati ya shamba lake na la kaka yake mkubwa.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika, ingawa daftari halikuonyesha hivyo mpaka baadaye.

Kaka alipanda ua upya bila kumwita. Karani alipopima aliona umeingia kwake hatua 2, kwa urefu wa hatua 80. Hakwenda kwa kaka yake kumwuliza. Alikwenda kwa chifu. Kaka naye, aliposikia ameshtakiwa kabla ya kuulizwa, akaapa kwamba ua huo hautasogea. Wazee wakakaa, wakaahirisha, wakakaa tena. Kurasa za Juni hata Septemba zimejaa nauli, chai ya wazee, na gharama ya kumleta mpimaji aliyefika, akatazama, akasema atarudi. Safari zote zilikuwa 9.

Mtu wa mahali pengine angeweza kuona ajabu kwamba watu wazima wagombane hivyo kwa hatua 2. Lakini huku mlimani neno mpaka lina uzito wake. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi wa ugawaji wa ardhi katika wilaya hiyo ya Mlima Elgon ulileta mauaji, na watu wengi sana wakakimbia makwao. Ndugu hawa wawili walikimbia pamoja, wakalala katika chumba kimoja cha kupanga huko Kimilili, wakagawana blanketi moja. Kwa hiyo kila mmoja wao alijua vema jambo la namna hii laweza kufika wapi. Walijua, na bado hawakusemezana kwa miezi 6.

Mahindi ya huku hukawia. Mbegu chotara za nyanda za juu, jamaa za ile namba 611 iliyotolewa na watafiti wa Kitale mwaka 1964, hukaa shambani miezi sita hata minane kwa sababu ya baridi. Mwanzoni mwa Oktoba yalikuwa tayari. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, tukate mahindi wakati jua lipo." Akajibu kwamba halitakatwa bua hata moja mpaka wazee watoe neno, kwa maana akianza kuvuna na kuacha kile kipande chenye ugomvi, itaonekana amekubali kwamba si chake. Mkewe alimwambia mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne hakusema, akatazama mawingu tu.

Mvua ya Novemba iliyakuta mahindi yamesimama. Mabua yalilala, magunzi yakagusa udongo, mengine yakaota yakiwa ndani ya maganda. Walipovuna hatimaye, kwa haraka na kwa vibarua wa bei ya juu, walirundika magunzi mabichi ndani ya ghala kwa kukosa mahali pa kuanika. Baada ya juma moja harufu ilijulisha habari yote.

Ekari zake 3 humpa magunia 60 mwaka ulio wa kawaida. Mwaka huu yalitoka 38, na kati ya hayo 11 yalikuwa na kuvu ya kijani na ya manjano. Mchuuzi mmoja alikuja na kuyataka hayo 11 kwa shilingi 1,200 kila gunia, akisema yatakuwa chakula cha kuku. Karani alikubali. Karo ya binti yake wa Kidato cha Tatu ilikuwa inakuja, na shilingi 13,200 si kitu cha kutupa.

Ni binti huyo aliyeuliza, wakiwa wanakula, kama hayo ndiyo mahindi yenye sumukuvu waliyofundishwa shuleni. Kwamba mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Baba yake akasema hayo ni ya kuku. Binti akauliza kama mchuuzi ameandika hivyo juu ya gunia. Hakujibiwa. Lakini asubuhi baba alichimba shimo nyuma ya zizi, akayafukia magunia yote 11, wala hata ng'ombe hakumpa, kwa maana sumu hiyo hupita katika maziwa. Karo ililipwa kwa kuuza mtamba aliyekuwa akitarajiwa kuzaa Machi.

Basi, usiku ule wa Desemba 31, alipomaliza kujumlisha, alifanya hesabu moja ambayo hakuwa ameifanya mwaka mzima. Hatua 2 kwa hatua 80 ni kama mita 1.5 kwa mita 60, yaani mita 90 za mraba. Ekari moja ni zaidi ya mita 4,000 za mraba, nayo humpa magunia 20. Aligawa, akazidisha, akarudia kwa kuwa hakuamini. Kipande kile chote, katika mwaka mwema kabisa, hakifikishi nusu ya gunia. Aliandika upande mmoja wa ukurasa: nusu gunia. Upande wa pili akaandika: magunia 33, safari 9, mtamba 1.

Kisha akakumbuka kitu ambacho hakikuwamo daftarini. Katika siku zile za mwisho wa Novemba, walipokuwa wakihangaika na mahindi mabichi, walikuta asubuhi moja turubai kubwa limekunjwa mlangoni. Hakuna aliyesema limetoka wapi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu turubai la namna ile katika kijiji hicho analo mtu mmoja tu. Magunia 27 yaliyosalimika yalikauka juu yake. Mkewe aliyajaribu kwa njia ya chumvi: mahindi machache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, hutikiswa, na chumvi ikishika kioo bado hayajakauka. Siku ya tano chumvi haikushika.

Karani alitafuta aandike turubai hilo upande gani, wa mapato au wa deni. Alikaa na kalamu muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa hajalala, akamwuliza kutoka chumbani kama hesabu imekataa.

"Imekubali," alisema.

Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya Januari 1, 2025, na chini yake: kurudisha turubai kwa kaka, mapema, kabla hajaenda kukamua.

Halafu akaongeza kwa herufi ndogo: nisichukue kamba ya kupimia.