Ua Lililofanana na la Mbaazi



Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tatu tangu nimfuate mume wangu Langas, mtaa ulioko kusini mwa mji wa Eldoret. Baridi nimekwisha kuizoea. Mboga za huku ndizo zilizonichukua muda. Majirani wenye asili ya Magharibi na Nyanza ndio walionifunza kupika mrenda, managu na mitoo, mboga yenye uchungu kidogo ambayo Waluhya huiita miro.

Siku moja ya masika, binti yangu wa miaka kumi alirudi kutoka chuoni na fungu la majani aliyoyachuma kando ya njia, pamoja na kishada cha maua ya manjano yaelekeayo kijani. "Mama, nimekuletea mitoo," akasema.

Nikayatazama. Vijani vitatu vitatu katika kikonyo kimoja, kama mitoo. Ua nalo lilikuwa na umbo la ua la mbaazi. Nikajiambia: jamaa ya mbaazi, tulizokula kwa mahamri tangu utotoni, atadhuru nini? Nikabandika sufuria.

Rehema ya Mungu, bibi jirani alipita kunijulia hali, akakiona kile kishada.

"Mwanangu, umeyapika haya?"

"Bado, Mama. Maji hayajachemka."

"Basi yatupe. Haya hata ng'ombe hatumpi."

Jioni ile tulikaa mimi na binti yangu tukalifungua ua moja. Petali moja pana imesimama nyuma kama tanga. Mbili ziko ubavuni kama mabawa. Na mbili za chini zimeshikana mfano wa mkuku wa jahazi, zikificha stameni kumi ndani yake. Hiyo ndiyo alama ya jamii ya mikunde: kunde, choroko na mbaazi zote huchanua hivyo. Mimi nilikomea hapo, na kosa langu lilikuwa hapo. Aliyetambua ukoo wa mtu bado hajamjua mwenyewe.

Nikampelekea picha jamaa yetu asomeshaye botania. Akajibu kuwa ni Crotalaria agatiflora, kichaka cha asili cha nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mitoo ni ndugu yake wa karibu kabisa, kwani wote ni Crotalaria, kundi lenye aina zipatazo 700, nyingi zikiwa za bara letu la Afrika. Jina hilo limetokana na neno la Kiyunani la chombo cha kugonga au kutikisa, kwa kuwa mbegu hulia ndani ya ganda likikauka. Sisi wa Pwani tungesema kayamba. Tanzania ndugu yao mwingine, marejea, hupandwa kurutubisha udongo. Hata hivyo, wengi katika kundi hili wana sumu idhuruyo ini, na madhara yake huweza kujificha siku nyingi kabla ya kudhihiri.

Tofauti, kumbe, zilikuwa wazi kwa mwenye kutazama. Ua la mitoo ni dogo, la manjano, lenye michirizi ya wekundu, na ganda lake ni refu jembamba. Lile la kando ya njia ni kubwa, kama kindege aliyening'inia kwa mdomo wake, na ganda lake ni nene lililovimba.

Tangu utotoni tumefundishwa kuwa baba yetu Adam alipewa elimu ya majina. Usiku ule, nikiwatazama wanangu wamelala salama, nilifahamu kwamba jina la jani moja laweza kuwa amana juu ya mama.

Kichaka kile kingali pale, kinachanua, na binti yangu hukipita akikiamkua kwa jina lake. Mitoo tunanunua kwa bibi jirani, na hata hiyo, binti huichambua jani kwa jani kabla sijabandika sufuria.