Mgongo wa kirukanjia

Sisi watu wa Bambu tumezoea kuchimbua ardhi tukitafuta dhahabu, lakini mnyama mdogo apitaye miguuni petu hatumtazami. Tulipokuwa watoto tulimpiga kirukanjia kwa mawe kwa sababu ya harufu yake, tukamwita panya. Kumbe si panya. Panya hutafuna nafaka; kirukanjia ana pua ndefu na meno yaliyochongoka, naye hula wadudu na minyoo, wala hawezi kukaa muda mrefu bila kula.

Katika misitu ya Ituri na Uele yuko mmoja anayewashinda wenzake wote kwa ajabu. Manyoya yake ni mazito, ya kijivu, na mwili wake watosha kukaa kiganjani. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walikaa katika nchi hizi. Wamangbetu wakamwonyesha Lang jambo hili: mtu mzima, mwenye kilo zaidi ya 70, alisimama kwa mguu mmoja juu ya mnyama huyo kwa dakika kadhaa. Aliposhuka, mnyama akajitikisa, akaenda zake. Ndiyo maana waliokwenda vitani walichukua kipande cha mwili wake kuwa dawa ya kuwakinga na majeraha.

Mwaka 1917 ilitangazwa habari ya mifupa yake. Kiunoni sisi tunazo pingili 5. Yeye anazo 11, nazo zimeshikana kwa vijino vingi vya mfupa, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Za nini? Mwaka 2013 wataalamu kadhaa walitoa wazo kwamba hujipenyeza kati ya shina la mchikichi na vikonyo vya makuti, akatanua kwa mgongo, apate mabuu yaliyojificha.

Basi, ikiwa ndivyo, nguvu ile ni ya kutafutia chakula. Watu waliitaka kwa vita, lakini mfupa ukiisha kutolewa mgongoni haumkingi mtu. Katika vita vya Ituri, 1999 hadi 2003, tuliwaona vijana wetu wakijifunga hirizi za namna nyingi, wakisema risasi haitawapata. Tuliwazika na hirizi zao.

Siku hizi tukimwona mtoto ameinua jiwe, twamwambia: Mwache apite, mwanangu. Ana kazi yake.